Siku Bata wa Bibi Alipotangazwa Redioni

Wiesenrode, 20 Machi 1960

Mdogo wangu Volkmar,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, ukiacha goti la Arno ambalo limevimba tena tangu ile baridi ya Februari, na mpwa wako Gundula ambaye ana miaka kumi na minne lakini anajibu watu kama ana arobaini. Ng'ombe mwenye doa jeupe amezaa jike. Kahawa uliyotuma nimeificha nyuma ya unga, tunainywa Jumapili tu, na shemeji yako kila siku anauliza kama leo si Jumapili.

Barua hii anaibeba Bibi Hempel wa nyumba ya pili. Anakwenda Berlin kumwona dada yake, ataitia posta upande wa magharibi. Kwa hiyo leo naongea kama tumekaa jikoni mimi na wewe. Ukishaisoma, itupe ndani ya jiko iungue. Nakuomba hilo kwa dhati, si kwa mzaha.

Wametufikia. Kijiji cha Hohlfeld watu wa Chama walikimaliza wiki iliyopita, sasa ni zamu yetu: kila mwenye shamba aweke sahihi kwamba anaingia shamba la ushirika, yeye na ng'ombe wake na plau yake. Jumatatu asubuhi likaja gari la vipaza sauti. Halikusimama kanisani wala mbele ya baa, lilisimama langoni kwetu. "Bwana Arno, wenzako wamechagua amani. Wewe umechagua nini?" Kisha muziki wa bendi. Kisha Bwana Arno tena. Kutwa nzima. Kuku wamegoma kutaga, maziwa yamepungua, na mimi nasimama katikati ya jiko nisikumbuke nilikuwa nataka kupika nini.

Unamkumbuka Filipine, bata bukini wa bibi? Huwezi kumsahau, ndiye aliyemdonoa mchungaji paja siku unabatizwa, kijiji kizima kikaangua kicheko kanisani. Basi Arno kasimama dirishani, kasikiliza wee, mwisho ananiambia, "Mke wangu, Filipine amefufuka." Namuuliza kivipi. "Si naye alikuwa anapiga kelele kutwa, na maisha yake yote hakutaga hata yai?" Tangu hapo gari lile kwetu ni Filipine. Filipine ameamka. Filipine leo sauti imekauka, labda ana mafua. Ningekufa kwa hasira kama si huyo bata.

Wasiokuwa kwenye gari wako jikoni kwangu. Ni watatu: mwalimu kijana wa kutoka mjini, bwana mmoja wa kiwanda cha baiskeli ambaye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, na mwanamke wa wilayani mwenye kikohozi. Wanaingia kabla Arno hajamaliza kukamua, wanatoka sisi tunasinzia mezani. Hawatukani mtu. Wana adabu, na hiyo adabu ndiyo inayoniua. "Mama, usijisumbue kwa ajili yetu," huku wanamega keki. Mwalimu yule alimaliza karibu sinia zima la keki ya jibini akinieleza jinsi mabepari wanavyokula jasho la wengine.

Ijumaa Arno akaweka sahihi. Karatasi imeandikwa "kwa hiari yangu mwenyewe." Alilisoma neno hilo kwa sauti, akalirudia, akamuuliza bwana wa baiskeli, "Hiari ndiyo hii?" Bwana yule akainamia viatu vyake. Arno akaandika jina, akatoka, akaenda kukaa na ng'ombe. Sikumfuata. Mawe ya shamba lile baba yake aliyang'oa kwa mikono, unajua mwenyewe. Jioni ileile gari likahamia kwa jirani.

Ndiyo hayo. Nimeandika nikicheka na nikilia, siwezi kukuambia lipi lilizidi. Usisahau jiko.

Dada yako,
Ottilie

Kassel, 8 Aprili 1960

Dada yangu mpendwa,

Natumaini goti la shemeji limepoa. Mpe pole, na mwambie namkumbuka kila nikiona ng'ombe, ingawa hapa Kassel nawaona kwenye bucha tu. Mimi ni mzima. Nimehama, sasa nakaa kwa mjane mmoja, Bibi Lohse, ambaye anasikia hata nikivua soksi. Nakutumia kifurushi cha Pasaka: kahawa, chokoleti ya Gundula, na zabibu kavu za keki yako.

Habari kubwa ni kwamba huenda nikaachana na ghala. Nimepata nafasi ofisini, mahali pa heshima, penye joto na wasichana wanaopiga chapa. Nipo kwenye majaribio bado, kwa hiyo sisemi mengi nisije nikajitia nuksi. Ikithibitishwa utajua.

Barua yako niliisoma nikicheka mpaka Bibi Lohse akagonga ukuta. Niliwasomea na marafiki wawili, bila jina lako, wakasema dada huyu angekuwa mwandishi. Una kipaji, Ottilie, hujijui tu. Watu wa huku hawana habari mnavyoishi. Wanadhani ng'ambo ya mpaka kuna mizinga na mabango basi, hawajui kuna watu wanaotania.

Kuhusu jiko, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Volkmar

Wiesenrode, 22 Mei 1960

Mpendwa Volkmar,

Kifurushi cha Pasaka kimefika salama, asante. Hali ya hewa ni nzuri. Viazi vimeota.

Arno hayupo nyumbani. Alichukuliwa Jumatano baada ya Pasaka, asubuhi, akiwa bandani. Yuko Erfurt. Naruhusiwa kumwandikia ukurasa mmoja kwa mwezi. Mimi na Gundula tunakamua ng'ombe, ambao sasa ni wa ushirika.

Nina swali moja. Je, jiko lako linawaka vizuri? Nijibu hilo tu.

Ottilie

Kassel, 12 Juni 1960

Dada yangu maskini,

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na barua yako mkononi, Bibi Lohse ameniletea supu nimeshindwa kuila. Arno, mtu ambaye hata nzi humfungulia dirisha atoke. Mshenzi gani anamfunga mtu kama huyo? Hawana aibu watu hao. Wamechukua shamba, wamechukua ng'ombe, sasa wamemchukua na mwenyewe.

Nimeuliza kwa watu wanaojua mambo haya. Wanasema uandike maombi kwa wakubwa wa Berlin, uandike kwa upole, utaje goti lake. Andika, dada, usichoke. Gundula ajitahidi shuleni. Nakutumia dawa ya goti, labda watakuruhusu kumpelekea.

Kazi yangu imethibitishwa. Najua si wakati wa furaha, lakini nilidhani ungetaka kusikia jambo moja jema. Huku mvua inanyesha kila siku, na mto umefurika hadi bustani za chini.

Jipe moyo. Nakuombea.

Volkmar

Wiesenrode, 18 Septemba 1960

Volkmar,

Natumaini u mzima. Sisi tunapumua. Gundula amemaliza shule na hatapewa nafasi ya kuendelea, kwa sababu ya baba yake. Alitaka awe daktari wa mifugo. Sasa anafagia mazizi ya ng'ombe walewale aliotaka kuwatibia. Barua hii anaibeba Bibi Hempel, kwa hiyo nitasema.

Umeniandikia habari za supu, za mvua, za mto, za Bibi Lohse. Jiko hukulitaja. Basi nitalitaja mimi.

Hapa kila nyumba inasikiliza redio ya upande wenu, sauti chini, blanketi juu. Hata mwenyekiti wa Chama anasikiliza, mkewe ndiye hutusimulia tukipitwa. Jumamosi ya Pasaka jioni nilikuwa nakanda unga, Arno anapaka viatu rangi. Kikaja kipindi cha barua za watu wa upande wetu. Msichana mwenye sauti nzuri akaanza kusoma habari ya gari la vipaza sauti, nami nikajisemea, kumbe wako wengi wenye masaibu kama yangu. Kisha akasoma "Filipine amefufuka." Mikono yangu ikabaki ndani ya unga. Arno akazima redio, akachukua kiatu cha pili, akaendelea kupaka.

Mlifuta jina langu, la Arno na la kijiji. Bibi Hempel pia mlimfuta. Kazi safi. Bata mkamwacha. Volkmar, katika jimbo zima la Thuringia kuna bata bukini mmoja tu aliyewahi kuitwa Filipine akamdonoa mchungaji katikati ya ubatizo. Wazee walikuwepo, na vijana wamesimuliwa. Jumanne dukani watu walinipisha foleni wakicheka, Bi Kräuter akaniuliza mayai ya Filipine yanauzwa lini. Walicheka kwa kunipenda, nalijua hilo. Jumatano asubuhi wakaja wasiocheka.

Mahakamani waliuliza nani aliandika. Nikafungua mdomo. Arno akasimama kabla yangu akasema jina la gari ni lake, utani ni wake, mimi niliandika tu kwa sababu yeye mkono wake mzito. Akanitazama, unalijua jicho lake la kunyamazisha mbwa. Nikanyamaza kwa ajili ya Gundula. Miaka miwili, Volkmar. Uchochezi dhidi ya dola, kwa sababu ya bata wa bibi.

Ulimpa nani barua yangu? Na yeye alikupa nini?

Ottilie

Kassel, 30 Oktoba 1960

Dada,

Nashukuru kwa barua yako, ingawa imenichoma. Natumaini Gundula atapata njia nyingine. Mimi sijambo, ila silali vizuri.

Sikuuza kitu, na sikupewa hata senti, naomba uliamini hilo. Pale ninapofanya kazi walitaka mtu anayejua maisha ya upande wenu. Waliniuliza kama nina mfano, nikaonyesha. Majina niliyafuta mwenyewe, kwa mkono wangu, mara mbili. Niliona niko mwangalifu.

Bata nilimwacha kwa sababu bila yeye yale yalikuwa malalamiko kama mengine elfu tuliyonayo kwenye makabati. Yakiwa na bata, yalikuwa ni watu. Mkuu wetu aliisoma akasema, hawa wakituchekesha hivi, wale wenye vipaza sauti wameshashindwa. Dada, barua yako ilisikika nchi mbili. Watu waliandika kuuliza habari zako. Hii ni vita, hata kama hakuna anayefyatua risasi, na ulifanya ndani yake jambo ambalo jeshi haliwezi.

Sikumfunga Arno mimi. Wamemfunga wao. Wao ndio wenye mahakama na wao ndio wenye gereza. Mbona hasira yako inavuka mpaka kunifuata mimi, na hao walio mlangoni kwako huwapi?

Nakutumia kifurushi cha Krismasi mapema. Tafadhali kipokee.

Volkmar

Wiesenrode, 11 Desemba 1960

Volkmar,

Nakurudishia kahawa. Arno hanywi huko aliko, na sisi tumeacha. Uliniambia nisiwe na wasiwasi.

Krismasi njema.

Ottilie

Wiesenrode, 25 Juni 1961

Mdogo wangu mpendwa Volkmar,

Salamu nyingi za upendo. Sisi ni wazima kabisa, na tunatumaini nawe u mzima. Mwaka huu matunda ya plamu yamebeba mpaka matawi yanainama. Gundula amekua, amenipita kimo.

Ni muda mrefu hatujaonana, nami nimefikiri sana. Sisi ni wawili tu tuliobaki kwa mama. Yaliyopita tuyaache yapite. Tarehe 19 Agosti ni sherehe ya kanisa hapa kijijini, unajua kunavyokuwa, na nitaoka keki ya plamu na kupika madonge ya viazi kama ya mama. Njoo, Volkmar. Kibali cha kuingia nitakuombea mimi, na wamesema hakutakuwa na tatizo. Tutakaa tuzungumze kama zamani.

Tunakungoja kwa hamu.

Dada yako anayekupenda,
Ottilie

Kassel, 9 Julai 1961

Dada yangu, dada yangu mpendwa,

Bibi Lohse aliniuliza kama nimefiwa, maana nililia nikiisoma. Umenisamehe. Sikuthubutu kuliomba hilo. Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Kuja, ningependa kuliko kitu chochote. Tatizo ni kwamba Agosti nina mafunzo ya kazi, na nikiyakosa nafasi ya juu atapewa mwingine. Lakini nitajaribu kuyapanga. Niombee kibali hata hivyo. Mpikie Arno madonge akirudi, na mwambie mimi na yeye tuna mazungumzo marefu.

Wako,
Volkmar

Wiesenrode, 30 Julai 1961

Volkmar,

Sisi hatujambo, na hii inakuja kwa mkono wa Bibi Hempel, kwa hiyo isome umekaa.

Ile barua yangu tamu ya Juni nilisimamiwa kuiandika. Plamu ni zangu, madonge ni yangu, Gundula kunipita kimo ni kweli. "Njoo" haikuwa yangu.

Kuna bwana mmoja wa viatu vya kahawia. Hajataja jina, nami sikumuuliza. Anakuja kila Alhamisi, anaketi kiti cha Arno, anakataa keki, na huyo asiyekula ndiye ninayemwogopa. Aliniambia, "Mwalike ndugu yako kwenye sherehe. Tutazungumza naye mchana mmoja kuhusu ofisi yake, nani anakaa wapi, barua zinapita kwa nani. Akituridhisha, mumeo analala nyumbani usiku huohuo." Nikamuuliza, na ndugu yangu atalala wapi? Akasema, "Hilo linategemea yeye."

Nilimwona Arno mwanzoni mwa mwezi, dakika chache, mlinzi katikati. Amekonda hadi pete imemtoka kidoleni, wanamtunzia ofisini. Goti limekaa hivyohivyo limekunjika. Anakohoa kikohozi ambacho hataki nikisikie, anakimeza. Amebakiza miezi tisa, na mimi sioni miezi tisa ndani ya mwili ule. Sijawahi kumwambia ni nani alisoma barua. Anadhani iliibwa posta.

Nilitaka kukunyamazia. Nakuambia hivyo bila haya. Nilikuwa nimeamua uje, ukae mezani, ule, na mlango ufunguke. Nilipika mawazo hayo wiki nzima na yaliniivia. Kisha Gundula akaniuliza, "Mama, mjomba anajua?"

Basi sasa unajua. Sikuiti, wala sikuzuii. Pengine watakuuliza maneno wakuachie, pengine hawatakuachia. Mimi siwaamini, na siwezi kukuambia uwaamini. Lakini mtu aliye kule Erfurt yuko kule kwa ajili ya barua niliyokuomba uchome. Jambo moja tu nakudai. Kama hutakuja, niandikie mapema na uliseme waziwazi, nisiende kusimama kituoni kama mjinga.

Ottilie

Kassel, 6 Agosti 1961

Dada mpendwa,

Habari za huku ni njema. Nimeelewa yote uliyoniandikia, hata ya mwisho, na nimeyafikiri siku tatu nikitembea kando ya mto.

Nakuja kwenye sherehe. Jumamosi tarehe 19, treni inayofika Gotha saa nane mchana. Kibali nimekipata. Waambie wote wanaonisubiri kwamba nakuja, na Arno mwandikie aanze kuota madonge.

Ndugu yako,
Volkmar

Kassel, 18 Agosti 1961

Dada yangu,

Ukiipata barua hii utakuwa umeshajua kwa nini sikuonekana. Dunia nzima imeona walichokifanya Jumapili. Wamefunga mpaka, wameweka senyenge katikati ya barabara, watu wametenganishwa na ndugu zao. Sanduku langu lilikuwa limefungwa, shati la sherehe juu kabisa. Nakuapia kwa mama. Nilikuwa njiani moyoni, na wameufunga mlango usoni pangu. Haya ndiyo wanayoyafanya, Ottilie, kwako na kwangu na kwa kila mtu. Usiniwekee kinyongo kwa jambo lililo juu ya uwezo wangu.

Hapa kazini hatulali. Simu hazinyamazi. Nimekabidhiwa kipindi kizima, chenye jina langu, cha sauti za watu wa upande wenu katika siku hizi. Mkuu amenikumbusha ile barua yako, anaikumbuka mpaka leo. Dada, kama una jambo la kusimulia kuhusu yanayotokea kijijini kwenu sasa, andika, kwa lugha yako ileile, yenye utani wake. Safari hii nitafuta kila kitu, sitaacha hata jina la mbwa. Ingewasaidia watu wengi, na huenda ingemsaidia na Arno, dunia ikijua.

Mkumbatie Gundula.

Volkmar

Wiesenrode, 24 Agosti 1961

Volkmar,

Barua yako ilifika jana. Umeomba nikusimulie ya siku hizi kwa lugha yangu. Haya, sikiliza, na usifute jina hata moja.

Jumamosi tulioka tangu alfajiri. Gundula alipasi gauni lake la bluu. Tulipanda basi kwenda Gotha mapema, nikiogopa tusije tukakukosa. Watu walikuwa wananong'ona kuhusu Berlin, hata kondakta, ambaye kwa kawaida humnyamazishi. Gundula akaniuliza kama utaweza kupita. Nikamwambia, mjomba ameandika anakuja, na kama kuna kizuizi angeleta simu ya maandishi, maana nilimwomba.

Saa nane treni ikaingia. Ndiyo, Volkmar, iliingia, yenyewe, ile ya kutoka kwenu. Mpaka walioufunga uko Berlin. Treni yako haipiti Berlin, na wewe unaijua ramani kuliko mimi, unalipwa kwa kuijua. Mabehewa yalikuwa matupu kuliko mwaka jana, lakini kuna waliokuja. Wa kwanza kushuka alikuwa Herbert, mtoto wa Bibi Hempel, kapandia hapohapo Kassel asubuhi ileile. Anasema walimgongea muhuri kwenye kibali chake mpakani kama siku zote. Alitushika mikono akauliza tunamsubiri nani. Gundula akamjibu kwamba tumekuja kumpokea yeye. Ana miaka kumi na tano huyo, na alisema hivyo ili kunisitiri mimi. Barua hii Herbert ndiye anakuletea kesho, kwa treni hiyohiyo, mlangoni kwako. Mtazame vizuri uone kama amepita kwenye senyenge.

Ungeniandikia kwamba unaogopa, ningekuelewa. Kila mwenye akili anaogopa. Ningekaa nyumbani nikalia kidogo nikaenda kukamua. Lakini ulisema unakuja. Nilimwandikia Arno ukurasa wake wa mwezi, nikamwambia aanze kuota madonge, kwa maneno yako uliyoniagiza. Ukurasa mwingine sina mpaka Septemba. Sasa hivi tunavyoongea anaota.

Tulibaki pale hadi behewa la mwisho likafungwa. Nilipogeuka, bwana wa viatu vya kahawia alikuwa ameegemea nguzo, nyuma yetu muda wote, kofia mkononi. Nilidhani atanifokea. Alitazama reli, akatazama saa ya kituo, akanitazama mimi kama mtu anayetoa pole msibani.

"Twende nyumbani, mama," akasema. "Hata sisi tulidhani atakuja."

Ottilie